Krismasi ya Juba: Mpe Mtoto Sahani Agawe Mwenyewe

Asubuhi ya tarehe 25 Desemba mitaa ya Juba huwa ya watoto. Kuanzia Gudele hadi Hai Malakal, kutoka Munuki hadi Gumbo ng'ambo ya Nile, hutoka makundi kwa makundi: wasichana na magauni ya marinda, wavulana na suti ndogo kutoka soko la Konyo Konyo, zilizonunuliwa kubwa kidogo ili zifae na mwakani. Viatu vipya huanza kushika vumbi kabla hawajafika kona ya kwanza. Hawana mwaliko wala hawauhitaji. Wanaingia nyumba yoyote iliyo wazi, wanawapa wenyeji mkono mmoja mmoja, wanawatakia Krismasi njema, kisha sahani inasogezwa: biskuti, pipi, pengine na karanga, na juisi kwenye vikombe vya plastiki. Wakimaliza hapo, nyumba ya pili.

Mgeni wa mji huu ataona watoto wanaokusanya pipi. Akikaa karibu na sahani ile kwa muda ataona zaidi ya hapo. Hakuna mtoto anayeulizwa baba yake ni nani, ametoka jimbo gani, anasali wapi, au kwa nini hana viatu. Amefika, basi ni mgeni, na mgeni hula. Katika mji ambao bunduki zililia Desemba 2013 na zikalia tena Julai 2016, na ambako siku zile watu walisakwa kwa makabila yao, mlango usiouliza jina si jambo dogo.

Nina ombi moja kwa wazazi wa Juba, na kwa wazazi wengine wa Afrika Mashariki ambao nao wako na watoto nyumbani msimu huu wa likizo. Mwaka huu, ile sahani mpeni mtoto aishike yeye. Tumezoea kumfundisha mtoto kupokea kwa adabu: aseme asante, asichukue mbili, asiombe tena. Hilo ni jema. Lakini kupokea na kugawa ni masomo mawili, na la pili haliingii kwa maneno. Linataka mtoto awe na kitu mkononi, watu mbele yake, na uamuzi ulio wake.

Zinapobaki chache

Mweke mtoto wa miaka 7 karibu na mlango, mkabidhi sahani, umwambie kwamba leo yeye ndiye mwenyeji. Kisha kaa pembeni utazame. Kundi la kwanza likiingia, atampa rafiki yake biskuti mbili na kumruka asiyemjua. Yule aliyerukwa hatasema kitu. Atasimama tu akiitazama sahani inavyopita. Mzazi hana haja ya kuhubiri hapo. Inatosha kuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule mdogo amepata?" Mtoto atarudi na sahani, na safari hii ataanza na yule.

Mtihani wenyewe huja baadaye, sahani inapokaribia kuwa tupu na kundi jingine linaingia getini. Mtoto atakuja kukunong'oneza kwamba hazitoshi. Tamaa ya mzazi ni kukimbilia kabatini kumwongezea, na wakati mwingine kabatini hamna kitu. Subiri. Muulize: tufanyeje? Kuna atakayevunja biskuti nusu kwa nusu. Kuna atakayeanza na wadogo. Na kuna atakayekwenda kimya kimya kuleta zile alizokuwa amejiwekea tangu asubuhi. Chochote atakachoamua, ameamua mwenyewe, na kimemgharimu. Hapo ndipo ukarimu unapoanza kuwa wake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada walijaribu jambo linalofanana sana na hili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Watoto ambao hawajatimiza hata miaka miwili walipewa bakuli la biskuti ndogo, kisha wakaletewa mwanasesere aliyeonyesha kuzipenda. Nyuso za watoto zilirekodiwa, na furaha yao ikapimwa kwa kutazama picha hizo. Walionekana na furaha kubwa zaidi walipotoa kuliko walipopewa. Tena furaha hiyo ilizidi walipotoa biskuti za bakuli lao wenyewe kuliko walipotoa iliyoletwa na mtafiti. Miaka mitatu baadaye jaribio kama hilo lilichapishwa kutoka vijiji vya Vanuatu, visiwa vya bahari ya Pasifiki vilivyo mbali na maisha ya Kanada kwa kila hali, na matokeo yakaelekea kulekule.

Kwa hiyo moyo wa kutoa hatuupandi sisi. Mtoto huja nao. Kazi ya mzazi ni kuupa nafasi ukue, na kutouharibu.

Njia moja ya kuuharibu ni kuulipia. Katika Taasisi ya Max Planck huko Leipzig, Ujerumani, watafiti waliwachunguza watoto wa miezi 20 waliokuwa wakimwokotea mtu mzima kitu kilichomdondoka. Wengine walizawadiwa kila waliposaidia, wengine walisifiwa kwa maneno, na wengine hawakupewa chochote. Baadaye, zawadi zilipoondolewa, wale waliozoeshwa kuzawadiwa ndio waliosaidia kidogo kuliko wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008, na yanamhusu kila mzazi anayemwambia mwanawe, "Mpe mwenzio, nami nitakununulia soda." Mtoto huyo anajifunza biashara, na siku soda itakapokosekana atafunga mkono.

Mtu mrefu na watoto wa Alexandria

Watoto wa Juba wanawajua Bright Stars, timu ya taifa ya mpira wa kikapu. Septemba 2023 iliifunga Angola 101 kwa 78 kwenye Kombe la Dunia na kukata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Julai 2024 iliisumbua Marekani mjini London hadi ikapoteza kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, na siku chache baadaye ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79, ushindi wa kwanza wa Sudan Kusini katika Olimpiki. Mtoto anaweza kukutajia wachezaji wote. Ni wachache waliosimuliwa jinsi timu hiyo ilivyolishwa, kusafirishwa na kulazwa hotelini.

Rais wa shirikisho la mpira huo, Luol Deng, aliyezaliwa Wau mwaka 1985 na kucheza kwa miaka mingi katika ligi ya NBA, aliibeba timu kwa fedha zake mwenyewe. Nchi haikuwa na ukumbi wa ndani wa kufanyia mazoezi, wachezaji walikuwa wametawanyika duniani, na yeye alilipa tiketi, kambi na malazi. Aliyajifunza wapi?

Familia yake ilipokimbia vita ilifikia Alexandria, Misri, na huko Luol na ndugu zake wakakutana na Manute Bol, mwana wa Turalei mwenye urefu wa mita 2.31 aliyekuwa miongoni mwa warefu kuliko wote waliowahi kucheza NBA. Manute aliwafundisha mpira wa kikapu. Ni mtu aliyekuwa ametajirika Marekani, kisha akatoa sehemu kubwa ya utajiri huo kwa watu wake waliokuwa wakiuawa na kukimbia. Fedha zilipokwisha hakuacha kutoa. Mwaka 2002 alikubali kupanda ulingoni kupigana ngumi kwenye televisheni ya Marekani, kwa sharti kwamba namba ya simu ya mfuko wake wa kuwasaidia watoto wa Sudan ionyeshwe kwa watazamaji. Alifariki tarehe 19 Juni 2010, mwaka mmoja kabla nchi yake haijapata uhuru, akiwa bado anahangaikia kujenga shule kwao Turalei.

Wapo watakaosema kwamba Manute aliwafundisha watoto wale kurusha mpira, basi. Mimi naamini waliona zaidi. Mtoto anayekaa karibu na mtu mkarimu hujifunza mengi ambayo hakuna aliyekusudia kumfundisha: jinsi anavyopokea wageni, anavyozungumza na aliyekuja kuomba, anavyokasirika au kutokasirika anapoombwa mara ya pili. Siku moja huyo mtoto naye anakuwa na uwezo, na mkono wake unakwenda kule ulikozoea kuona mikono ikienda.

Wazazi tusio na fedha za NBA tunatazamwa vivyo hivyo. Mama anapomwongezea chai fundi aliyekuja kukandika ukuta kwa udongo kabla ya sikukuu, mtoto anaona. Baba anapomjibu kwa ukali mtoto wa mtaani aliyenyoosha mkono dirishani pa gari hapo Custom mjini Juba, mtoto aliyeketi kiti cha nyuma anaona pia, na anaandika moyoni kwamba wako watoto wa kupewa sahani na wako wa kufukuzwa.

Mwaka ambao hakuna kitu

Najua jibu la wengi: kutoa nini, na nyumbani hamna? Ni jibu la haki. Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ya Sudan Kusini kwenda Bahari ya Shamu lilipasuka upande wa Sudan, katikati ya vita, na nchi inayotegemea mafuta kwa sehemu kubwa mno ya mapato yake ikabanwa. Paundi ikaporomoka, na watumishi wa umma, walimu na wauguzi wakiwemo, wakakaa miezi na miezi bila mshahara. Katika nyumba nyingi za Juba sahani ya Krismasi imepungua, na katika nyingine mlango unafungwa kwa aibu, wenyeji wakijifanya hawapo ili watoto wasiingie wakakuta meza tupu.

Kwa nyumba hizo nasema: msifunge. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na hawakusema hivyo kuwafariji maskini. Walikuwa wanatuonya kwamba anayengoja atajirike ndipo atoe hatatoa kamwe. Mtoto anayeona biskuti zikigawiwa kutoka kwenye katoni lililojaa anajifunza kwamba kutoa ni kupunguza ziada. Anayeona mama yake akitia maji zaidi kwenye juisi ili iwafikie wote anajifunza jambo gumu na la kweli zaidi: kwamba mgeni ana fungu lake hata katika kidogo.

Na si lazima kiwe chakula. Juba ni mji ambao familia nyingi hununua maji. Gari la maji likipita, kila jerikeni ya lita 20 ina bei yake. Mtoto anayetumwa kumpelekea bibi wa jirani jerikeni moja, akaivuta kwa mikono miwili hadi mlangoni kwake, ametoa zawadi ambayo hakuna mtu mtaani ataibeza. Mtoto anayejua kusoma anaweza kumsomea nyimbo za kanisani yule ambaye macho yamechoka. Walio wakubwa kidogo wanaweza kuwafagilia ua wazee wasio na vijana nyumbani, kabla ngoma za mkesha hazijaanza kulia. Ukimwambia mtoto kwamba hatuna cha kutoa, unamfundisha uongo kuhusu nguvu zake mwenyewe.

Mtoto wa kambini naye ni mwenyeji

Hapa wengi wenye nia njema wanakosea. Kila Desemba, mafungu ya nguo na vyakula hupelekwa walipo watu waliokimbia makwao. Juba inawajua vizuri. Wako waliokimbilia Mahad, iliyokuwa shule karibu na Konyo Konyo kabla ya kujaa familia zilizofukuzwa na vita vya 2013. Wako waliopokelewa na Wasalesiani wa Don Bosco huko Gumbo. Wako walio Gorom, makazi ya wakimbizi nje kidogo ya mji, ambayo yaliongezeka watu baada ya vita kuanza Sudan Aprili 2023 na zaidi ya watu milioni moja kuvuka mpaka kuingia Sudan Kusini. Misaada hiyo inahitajika, na isipungue hata kidogo.

Lakini tazama watoto wetu tunavyowapanga: wa mjini wanashika zawadi, wa kambini wanapanga mstari. Picha hiyo ikikaa kichwani mwa mtoto miaka kumi, itazaa watu wa aina mbili, wanaoamini wamezaliwa watoe na wanaoamini wamezaliwa wapokee. Wote wawili wameharibiwa.

Historia ya watu wa nchi hii inasema vingine. Miaka ya mwisho ya 1980, maelfu ya watoto, wengi wao wavulana, walitembea kwa miguu kutoka kusini mwa Sudan hadi Ethiopia wakikimbia vita. Utawala wa Mengistu ulipoanguka mwaka 1991 walifukuzwa, wakarudi kupitia mto Gilo ambako wengi walipoteza maisha, na mwaka 1992 waliosalia wakaingia Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Njia nzima waliolea ni watoto. Wa miaka 12 waliwashika mkono wa miaka 6, wakawatafutia maji, wakawazika walioshindwa. Hakuna aliyekuwa na kitu, na bado waligawana. Mmoja wao, Salva Dut, alipofika Marekani na kuanza maisha, mwaka 2003 alianzisha shirika la kuchimba visima nchini kwake. Kitabu cha watoto kuhusu maisha yake kilichotoka mwaka 2010 kimesomwa katika shule nyingi za Marekani, na wanafunzi huko huchangisha fedha za visima hivyo. Watoto wenye bomba la maji jikoni wanajifunza kutoa kutoka kwa mtu aliyekuwa mtoto mkimbizi.

Jirani zetu wa Uganda wana somo kama hilo. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia kusini mwa Sudan na wakapokelewa. Mwaka 2016 zamu ikageuka. Wasudani Kusini walipomiminika, jamii za Yumbe zilitoa ardhi yao na makazi ya Bidi Bidi yakafunguliwa, yakawa kwa muda miongoni mwa makubwa kuliko yote duniani. Wazee wa pale walikumbuka nani aliwapokea.

Basi ukimpeleka mwanao kambini mwaka huu, msiende kugawa tu. Kaeni. Mtoto wa pale akileta kikombe cha chai au akimwonyesha mwanao gari alilolitengeneza kwa waya na vizibo, pokeeni kwa furaha, na msikatae chai kwa kisingizio kwamba mnawaonea huruma. Kumkatalia mtu ukarimu wake ni kumwambia hana hadhi ya kuwa mwenyeji. Bora zaidi, waalikeni kwenu siku ya pili, nao wakute mlango uko wazi kwao kama ulivyo kwa wengine. Wako pia watoto waliorudi kutoka Kakuma na kutoka Uganda, wanaozungumza Kiswahili kuliko Kiarabu cha Juba, na mara nyingi ni wageni katika mitaa ya wazazi wao. Mwanao anaweza kuwa rafiki wao wa kwanza.

Weka simu mfukoni

Jambo hili nalisema bila kuzungusha. Tusiwapige picha watu tunaowapa. Siku hizi mfuko wa unga haukabidhiwi mpaka simu inyanyuliwe, na anayepokea huambiwa atabasamu. Mtoto aliye pembeni anajifunza kwamba kitu muhimu ni kuonekana. Biblia inataka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na mafundisho ya Kiislamu yanasema neno lilelile kuhusu sadaka ya siri. Ni vigumu kumfundisha mtoto hilo huku umemnyooshea kamera.

Na kwa kuwa nimegusa dini zote mbili: Malakia na mitaa mingine ya zamani ya Juba ina familia za Kiislamu zilizoishi na Wakristo vizazi na vizazi. Watoto wao nao huzunguka siku ya Krismasi, na siku ya Idi sahani hurudi ikiwa na vitu vyao. Mlee mtoto ajue sikukuu zote mbili zina zamu zake: moja ya kupeleka, moja ya kupokea. Atakua akijua majirani zake kwa majina kabla hajafundishwa kuwaogopa.

Ya kufanya nyumbani

Wiki hii ya sikukuu, haya yanawezekana katika nyumba yoyote.

Kabla ya mkesha, kaa na watoto muamue pamoja mtatoa nini. Waambie ukweli wa fedha zilizopo kwa kadiri ya umri wao. Mtoto aliyeshiriki kuamua hulinda uamuzi huo. Aliyetangaziwa tu hunung'unika.

Mwache mtoto achague kitu kimoja chake mwenyewe, kilicho kizima na anachokipenda bado, akitoe. Gauni lililochanika na kiatu kisicho na mwenzake si zawadi. Akishindwa kukiachia mwaka huu, usimlazimishe. Atakuwa ameujua uzito wa kutoa, na mwakani utamuuliza tena.

Hospitali ya watoto ya Al Sabah, iliyojengwa kwa msaada wa Kuwait, huwa na wagonjwa hata siku ya Krismasi. Ulizeni kwanza kwa wauguzi nini kinahitajika. Mara nyingi ni vitu vya kawaida kama sabuni, maziwa au chakula cha mama anayelala na mgonjwa. Mtoto asipoweza kuingia wodini, afunge yeye vifurushi na akabidhi mlangoni.

Watoto wanapotoka kuzunguka, watoke kwa kundi, mkubwa akiwa na dhamana ya wadogo, na warudi kabla ya giza. Barabara zina bodaboda nyingi, na usiku wa sikukuu bado wako wanaofyatua risasi hewani kwa shangwe. Kumtunza mdogo njiani nako ni huruma, na mkubwa aambiwe hivyo anapokabidhiwa kazi hiyo.

Mwisho, msifunge somo pamoja na mapambo. Shule hufunguliwa Februari, na hapo ndipo mtaa hugawanyika tena kati ya wenye daftari na wasio nalo. Weka ahadi na mwanao kuanzia sasa kwamba akinunuliwa daftari sita, moja litakuwa la jirani.

Watakaogawa kesho

Nimeliweka jambo hili mikononi mwa watoto kwa sababu naiona nchi nyuma yao. Sudan Kusini ilizaliwa tarehe 9 Julai 2011 ikiwa na mafuta, ardhi yenye rutuba, mto mkubwa na mifugo isiyohesabika. Haikuvunjika kwa kukosa. Ilivunjika kwenye kugawana. Mkataba wa amani wa Septemba 2018, ukiusoma vizuri, ni kurasa baada ya kurasa za hesabu ya mafungu: nani apate wizara ngapi, nani majimbo mangapi, nani aongoze kikosi kipi. Watu wazima wamejaa chumba kizima wakigawana na kutazamana kwa mashaka, kila mmoja akiamini kwamba atakachopata mwenzake kimetoka kwake.

Ujuzi wa kugawa mbele ya wanaokutazama, kwa haki, ukianza na mdogo na kujikumbuka mwisho, haujifunzwi ukubwani kwenye meza ya mazungumzo. Hujifunzwa mapema, kwa vitu vidogo, mara nyingi, mbele ya mzazi asiyekimbilia kuingilia. Mtoto wa miaka 7 wa leo atakuwa na miaka 30 kabla hatujageuka. Atakuwa mwalimu anayegawa vitabu, chifu anayegawa ardhi, karani anayegawa ajira, pengine waziri anayegawa bajeti. Siku hiyo hatakuwa na muda wa kujifunza upya. Atagawa kama alivyozoezwa nyumbani, na wananchi waliosimama mbele yake watapata au watarukwa kwa kadiri hiyo. Kwa hiyo wazazi tusilifanye jambo hili kuwa mchezo wa watoto wa sikukuu. Tunawaandaa watu watakaoshika mafungu yetu sote, na kipindi hiki cha likizo, wakiwa nyumbani na sisi, ndicho tulichonacho.